Kiti cha Mgeni

Kuuliza si ujinga, walisema waliotutangulia, ila hawakutuambia kutouliza ni nini. Lifti alikuja kutuonyesha. Tusimtafutie wakili: siku ile mjinga alikuwa yeye. Aliupiga pasi ujinga wake asubuhi, akauvaa, akatoka nao nyumbani akipiga mluzi, bahasha mfukoni.

Ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi ni siku ya Pazia kwenye mashine. Jumanne, Alhamisi, Jumamosi. Muda wa saa nne kila mara, ghorofa ya nne, kiti cha dirishani. Figo zake zilikuwa zimebwaga manyanga miaka miwili nyuma, na tangu hapo kazi yao ilifanywa na kabati la plastiki lenye magurudumu, lililomtoa damu kwa mrija mmoja, likaisafisha, likamrudishia kwa mrija wa pili. Siku zilizobaki alikuwa kwenye cherehani, akishona mapazia ya mahoteli na ya nyumba za watu, ndiyo maana wauguzi wakamwita Pazia, naye akaitika. Alikuwa na miaka thelathini na tatu, shingo ndefu, na ulimi ambao haukuwahi kuugua hata siku moja.

Lifti naye aliitwa kwa kazi yake. Alikuwa fundi wa lifti za hospitali ile na za majengo mengine sita, na jina alilopewa na mama yake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Miezi minane nyuma lifti ya wagonjwa ilikwama kati ya ghorofa ya pili na ya tatu. Alikuja na sanduku lake la vyuma, akagonga mlango.

"Upo?" aliuliza.

"Niende wapi?" ikajibu sauti ya mwanamke.

Alicheka peke yake kwenye korido, bisibisi mkononi. Kazi ile ilimchukua dakika arobaini, na tukisema kweli ilihitaji kumi na tano. Mlango ulipofunguka alimkuta ameketi sakafuni, ametoka kwenye mashine, hoi, mkono wa kushoto una plasta mbili, anamtazama kama mshonaji anavyotazama kitambaa kilichokatwa kombo. Tangu siku hiyo Lifti akawa anakula chakula cha mchana kwa kukimeza, amesimama kwenye ngazi, ili dakika zilizobaki akazimalizie ghorofa ya nne, kwenye kigoda kando ya kiti cha dirishani.

Hapo ndipo safari yao ya kubuni ilipoanzia. Nani aliianzisha, hakuna anayekumbuka. Lifti husema Pazia, Pazia husema Lifti, na Mwalimu, mstaafu wa kiti cha pili ambaye masikio yake hayajui kustaafu, husema ni yeye. Ilikwenda hivi. Saa ya kwanza ya mashine walikuwa barabarani. Basi linapanda milima, mawingu yanateremka mpaka kwenye vioo, abiria wote wamelala ila wao wawili. Saa ya pili waliliona ziwa kwa mbali, jembamba kama uzi wa fedha uliosahauliwa juu ya meza. Saa ya tatu walifika. Hawakufika mapema zaidi, kwa kuwa saa ya tatu ndipo presha yake ilipozoea kushuka na usingizi kumnyemelea, na mtu akifika safari hutaka kulala. Saa ya nne walikuwa chumbani. Chumba kilikuwa na kitanda, kibaraza, na dirisha kubwa lisilo na pazia, kwa amri yake mwenyewe. Nimeshona ya kutosha, alisema. Nikiwa likizo nataka niamshwe na maji.

Muda wa Lifti wa mchana haukutosha saa nne, kwa hiyo alikuwa akipanda na kushuka, na kila aliporudi alimkuta Pazia ametangulia kidogo. "Umechelewa," angemwambia, "tumeshavuka daraja." Kila wiki waliongeza kitu. Bakuli la barafu, maana hakuruhusiwa zaidi ya vikombe vitatu vya maji kwa siku, na alikuwa bingwa wa kunyonya kipande kimoja cha barafu mpaka hadithi iishe. Mbwa wa jirani asiyebweka. Mvua nyembamba ya alfajiri. Sauti yake ilizidi kupungua, kope zikawa nzito, na Lifti akimtazama vile alisahau mlio wa mashine, akaliona ziwa kwelikweli, limetulia, jeupe, nyuma ya kope zile. Mara nyingine vidole vyake vilimgusa pale mkononi madaktari walipomuunganishia mishipa kwa ajili ya mashine, akasikia damu inapita chini ya ngozi ikinguruma kama paka aliyeshiba. Hakuna kiungo cha mwanamke yeyote alichowahi kukipenda kama mkono ule.

Kulikuwa na sharti moja. Jumapili na Jumatatu asimtafute. Asije, asipige simu. "Hizo ni zangu na Shangazi," Pazia alimwambia mapema kabisa, na alisema kwa namna ambayo mtu hapati pa kugonga. Shangazi ndiye aliyemlea. Lifti alikubali kwa mdomo. Moyoni, kila Jumapili aliilalia kama godoro lenye mawe, na mwenzake wa kazini hakumsaidia alipomnong'oneza kwamba mwanamke mwenye siku za siri ana mtu wa siri.

Sasa mfikirieni kama fundi. Kwa fundi wa lifti, siku ambayo mashine haimhitaji fundi ni siku njema. Akikuta kwenye daftari kwamba lifti fulani imekwenda muda mrefu bila kuitiwa mtu, huifurahia kama mtoto aliyefaulu. Basi akaitazama kalenda kwa jicho lilelile. Jumanne na Alhamisi kuna siku moja katikati, Alhamisi na Jumamosi vilevile. Lakini toka Jumamosi mchana hadi Jumanne asubuhi, mashine haimwiti Pazia. Ndio mwanya mrefu kuliko wote. Na tena ni mwanya uleule wenye Jumapili na Jumatatu. Akiwa naye ziwani, siri itajificha wapi? Aliona amepiga ndege wawili kwa jiwe moja, hakuona kwamba jiwe lenyewe lilikuwa linarudi. Akaomba likizo kazini, akakata tiketi mbili za basi, akaandikisha chumba kwenye nyumba ya wageni iliyotazamana na maji, na akamsihi mwenye nyumba angoe mapazia yote. Mwenye nyumba alimuuliza kama yuko salama.

Alhamisi ile alisubiri saa ya tatu. Pazia alikuwa kwenye ukingo wa usingizi, blanketi kifuani, mkono wa kushoto umetulia na mirija yake, jua la mchana limemwangukia shavuni. Lifti akaiweka bahasha kwenye mkono wake wa kulia.

"Tumefika," akasema.

Aliifungua kwa mkono mmoja na meno. Akaisoma karatasi ya nyumba ya wageni, na uso wake ukafunguka polepole, ukafunguka kama mtu anayeota anavyofungukiwa na mlango asioujua, na Lifti alijua kwamba hata akiishi miaka mia hatauona tena uzuri wa namna ile. Kisha macho yakafika kwenye tarehe.

"Jumamosi mpaka Jumanne," alisema.

"Siku tatu bila mashine," Lifti akajibu, kifua mbele. "Ndizo ndefu kuliko zote. Nimezitafuta kwenye kalenda."

Mwalimu wa kiti cha pili akakohoa kikohozi kisicho na ugonjwa. Mama wa kiti cha tatu akageuzia uso ukutani. Sista mkuu wa chumba, aliyekuwa akiandika kwenye faili, akaikagua kalamu yake kana kwamba ndiyo inayoumwa.

"Umezichagua mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Hukumuuliza mtu."

"Ningemuuliza nani, na ni siri?"

Pazia aliikunja ile karatasi akifuata mikunjo yake ya mwanzo, akaulaza ukingo juu ya ukingo kama kitambaa kinachorudishwa kwa mwenyewe, akairudisha ndani ya bahasha, akampa. Alimwambia kwamba lifti zake zitakuwa zinamtafuta. Lifti akaanza kusema kitu, akaanza kingine.

"Nenda," alisema Pazia, macho dirishani. "Presha yangu ikishuka hapa, mashine italia, na watasema ni mimi."

Akatoka. Ujinga ule alioupiga pasi asubuhi ulikuwa umeanza kumbana kwapani.

Sista alimkuta kwenye korido, amesimama mbele ya lifti nzima akibonyeza kitufe kilichokwisha kuwaka. Alikuwa mwanamke mpana, wa kucheka kwa mabega, lakini mabega yake leo yalikuwa yametulia.

"Habari za mgonjwa wangu sikuambii," alisema. "Nitakuambia habari za maji."

Na akamwambia. Mtu ambaye figo zake hazifanyi kazi, anachokunywa hakitoki, kinaingoja mashine. Siku moja ya katikati, mwili huvumilia. Siku mbili, maji hupanda. Huanza miguuni, yakaja kwenye mashavu ya miguu, yakaja usoni, na kwa wengine Jumatatu jioni yanagonga kifua, mtu akalala ameketi kwa kuogopa kuzama kitandani kwake. Ndiyo maana Jumanne asubuhi mizani ya chumba kile husema maneno mazito kuliko siku zote, na wagonjwa hupanda juu yake kimya.

"Hizo siku ulizoona ni ndefu," Sista alimaliza, "na wao wanaona ni ndefu."

Lifti aliuliza, kwa sauti ndogo, kama basi mtu wa mashine hawezi kusafiri maisha yake yote. Sista akamwambia wanasafiri, tena sana. Kuna kitu kinaitwa kiti cha mgeni. Hospitali ya huko unakokwenda inakuazima kiti kwa siku zako, mradi iwe na nafasi, ipate barua ya daktari na majibu ya vipimo vya damu, na ipate yote hayo wiki kadhaa kabla. Watu wenye figo nzima huanza na chumba, kisha wakatazama kilicho karibu. Wagonjwa wake huanza na kiti, kisha wakatafuta chumba jirani na kiti.

"Nifanye nini sasa, Sista?"

"Mimi ni muuguzi, si mshenga," akajibu, akaingia ndani.

Jumamosi Lifti alipanda ghorofa ya nne, akamkuta Pazia amelala, au amefumba macho, mambo mawili ambayo kwa Pazia hayakuwa sawa. Mwalimu alimpungia mkono wa pole kama anayempungia abiria aliyeachwa na meli. Jumapili alizunguka chumbani kwake, akafungua redio, saa mbili zikapita asijue ilikuwa inasema nini. Hakuwa tena akimwaza mtu wa siri. Alikuwa akiwaza maji, yakipanda taratibu katika nyumba ambayo hakuwahi kuingia, na yeye amekaa pakavu.

Jumatatu saa kumi na moja jioni, baada ya kuulizia mtaani, alibisha hodi kwa kina Pazia.

Aliyefungua ni Shangazi. Miaka thelathini alikuwa karani wa mahakama, na ingawa alishastaafu, mtu akisimama mbele yake hujikuta ametoa kofia. Alikuwa mdogo wa umbo, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba.

"Leo Jumatatu," alisema.

"Najua, Shangazi."

"Unajua. Na umekuja."

Lifti alisema amekuja kuomba radhi, na kwamba akifukuzwa ataondoka bila neno, ila anaomba afukuzwe na mwenyewe. Shangazi akamwambia kwamba mwenyewe hana pumzi za kufukuzia watu leo, kwa hiyo kazi hiyo amemwachia yeye, na yeye anaifanya kwa moyo mmoja. Alikuwa anaurudisha mlango pale sauti ilipotoka ndani, nyembamba, ikipumzika katikati ya maneno.

"Mwache apite, Shangazi. Aje aione likizo yake."

Sebule ilikuwa duka na bahari kwa wakati mmoja. Majora ya vitambaa yalisimama ukutani, bluu, kijani, rangi ya mchanga, na kitambaa chepesi cheupe kilikuwa kimetandazwa toka mezani hadi sakafuni, kikivuta pumzi kila upepo ulipoingia dirishani. Cherehani ilikuwa imefunikwa. Katikati ya hayo yote, kwenye kiti cha mikono, Pazia alikuwa ameegemezwa kwa mito mitatu, miguu juu ya kigoda, ndani ya ndala za kiume zilizompita saizi mbili. Uso ulikuwa umejaa, macho yamebaki mistari miwili. Juu ya kifundo cha mguu, pale soksi ilipokuwa asubuhi, pamebaki mfereji.

Hakumwangalia Lifti mikono wala mfuko. Alimwangalia uso, akingoja doa litokeze.

"Haya," alisema. Akavuta pumzi. "Hii ndiyo Jumatatu. Mzuri, eti?"

"Umevimba," alisema Lifti.

Shangazi alishika kamba ya miwani. Lakini Pazia alikuwa anacheka, kicheko kilichomgeukia kikohozi, akamwomba Lifti kwa mkono asimame palepale asimpigepige mgongo.

"Miaka miwili watu wananiambia nimenawiri," alisema alipotulia. "Wewe wa kwanza kusema kweli."

Lifti akaketi chini, sakafuni, kando ya kigoda, begani kwake ukingo wa kile kitambaa cheupe. Aliomba radhi, kwa maneno machache, kwa kuwa mengi aliyokuja nayo yalikuwa yamemtoka njiani. Alisema alimchagulia siku kama anavyochagulia mashine. Pazia alisema hakukasirika kwa hilo. Alikasirika kwa sababu kwa dakika moja, kabla hajaiona tarehe, aliiamini ile karatasi yote, na hakuna mtu anayependa kuamshwa namna ile. Na aliogopa, hilo nalo alilisema, akitazama ndala zake: kwamba kwa miezi minane Lifti alikuwa akimpenda mwanamke wa Alhamisi, na huyo wa Jumatatu hajawahi kuulizwa.

"Ningemuuliza," alisema Lifti, "kama ningejua anakaa wapi."

Jioni ilikuwa inaingia. Mwanga ulikuwa umelainika, ukapita kwenye kitambaa na kuijaza sebule weupe unaotembea, hata mtu angeapa kuna maji karibu. Lifti aliuweka mgongo wa mkono wake kwenye mguu ule uliovimba, taratibu, kama mtu anayejaribu joto la uji wa mtoto, na Pazia hakuuondoa mguu. Alimuuliza kinachosaidia ni nini saa kama hii. Akamwambia hakisaidii kitu, ila hadithi haidhuru. Basi Lifti akaanza: basi linapanda milima, mawingu yanateremka mpaka kwenye vioo.

"Hapana," alisema Pazia, macho yamefumba. "Leo naendesha mimi."

Akaendesha, kwa pumzi fupi fupi, akisimama kwenye kila kituo. Tunaondoka Jumanne mchana, alisema, nikitoka kwenye mashine, nikiwa mwepesi. Usiku tunalala njiani. Jumatano tunafika, na siku nzima hakuna anayefanya kitu. Tunakaa kibarazani, unanyamaza, nanyamaza, ziwa linasema. Alhamisi saa moja asubuhi napanda mtaa wa nyuma ya soko. Hospitali ni ndogo, ina mashine nne tu. Kiti changu ni cha ukutani, hakina dirisha, lakini ukitoka nje hatua ishirini unaliona ziwa lote mpaka ng'ambo. Ijumaa tunapanda mtumbwi wa kukodi, maji yako pande zote na siruhusiwi kuyanywa, tunacheka. Jumamosi mashine tena. Jumapili asubuhi tunarudi, kabla maji yangu hayajanipata.

Lifti alikuwa ameshafika. Alikuwa kwenye mtumbwi, mkono unakokota majini. Ilimchukua muda kurudi sebuleni, na aliporudi alirudi na swali.

"Umejuaje kama wana mashine nne?"

Pazia akapeleka mkono nyuma ya mto wa katikati, akatoa barua. Ilikuwa na mhuri wa hospitali ya huko ziwani, na sahihi ya daktari wake, na orodha ya vipimo vyake vya damu vyote vimewekewa alama. Kiti cha mgeni, siku mbili, kimekubaliwa. Tarehe ya barua ilikuwa ya wiki tatu nyuma. Lifti aliisoma mara mbili, na mara ya pili herufi zilianza kuogelea. Kumbe yeye, aliyejiona ndiye anayembeba mgonjwa ndotoni, alikuwa abiria tu aliyesinzia begani kwa dereva. Huku yeye anaongeza mbwa na mvua, mwanamke huyu alikuwa anaandika barua, anatolewa damu ya vipimo, anauliza mtaa kwa mtaa jinsi ya kufika.

"Kwa nini hukuniambia?"

Akamwonyesha kwa kidole. Chini ya karatasi palikuwa na mstari: jina la msindikizaji. Mstari ulikuwa mtupu.

Shangazi, ambaye muda wote huo alikuwa akikunja kitambaa kisichohitaji kukunjwa, alisema kwamba hapo hapana fumbo. Msindikizaji ni yeye, na mstari umebaki wazi kwa sababu miwani yake ilikuwa kwa fundi.

"Miwani ilirudi wiki ya kwanza, Shangazi," alisema Pazia kwa upole. "Nimeuacha wazi mimi. Nilitaka jina la mtu aliyeiona Jumatatu. Na aliyeiona ni wewe peke yako, nawe maji yakizidi beseni unayaogopa."

"Nitayaogopa nikiwa kandoni mwako."

Ndipo yakaanza, na hayakuwa maneno ya chuki, ndiyo maana yalikuwa magumu. Shangazi alisema kwamba hana ugomvi na kijana huyu. Ana ugomvi na muda. Alimkumbusha Pazia yule mchumba wa kwanza, aliyekuwa amevaa pete yake wakati figo zinaanguka, aliyekuja hospitali kila siku kwa miezi mitatu, ameshika mkono, analia kuliko mgonjwa. Mwezi wa nne akaja mara mbili. Mwezi wa tano akatuma salamu. Hakuwa mtu mbaya, alisema Shangazi, hata leo akikutana naye wanasalimiana. Alichoka. Na aliyebaki na Pazia usiku wa salamu zile, akimwegemeza ili apumue, akimdanganya kwamba kesho pete itarudi, si jirani, ni yeye. Hataki kuifanya kazi hiyo mara ya pili, mifupa yake imekwisha.

Lifti alipiga magoti, akafungua mdomo. Pazia akamwekea kiganja mbele.

"Usiape," alimwambia. "Nimeapiwa vizuri kuliko unavyoweza wewe."

"Sikuwa naapa," alisema Lifti. "Nilitaka kuuliza."

"Uliza."

"Barua inasema msindikizaji afundishwe mambo ya kuangalia. Nianze na lipi?"

Pazia alimtazama kwa muda mrefu kupitia ile mistari miwili ya macho. Upepo ukaingia, kitambaa cheupe kikainuka chote toka sakafuni, kikawapitia wote watatu kichwani kama mgongo wa wimbi, kikatua. Kisha akanyoosha mkono wa kulia, akaomba kalamu.

Kalamu ilikuwa mfukoni mwa Shangazi. Karani hustaafu, kalamu yake haistaafu. Aliitoa, akaishika, hakuiachia. Macho yake yalikuwa na maji, naye alikuwa mkali zaidi kwa sababu hiyo.

"Mwanangu," alisema, "huyu ameona Jumatatu moja, tena ameiona saa moja. Wanaume huchoka. Si ubaya, ndivyo walivyo. Sasa mko huko ugenini, umefungwa mkono kwenye mashine, humjui daktari, humjui jirani, na yeye ndiye uliyemwandika. Nakuuliza, na unijibu: akichoka?"

Pazia akaichukua kalamu kutoka vidoleni mwake, akaiweka barua kwenye goti, akaandika jina lote, lile la kwenye kitambulisho, polepole, akipumzika kati ya neno na neno. Alipomaliza akarudisha kalamu.

"Akichoka, Shangazi, mabasi ya kurudi yapo kila asubuhi. Likizo ni yangu."